Je, Mungu Huhuzunika?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Tulipokuwa msibani kwa jirani aliyefiwa na kijana wake, mzee mmoja wa kanisa alituonya tusilie, akisema kwamba Mungu habadiliki wala hahuzuniki, na kwamba anayemtegemea hana sababu ya machozi. Mimi nasoma katika Mwanzo 6:6 kuwa Bwana "akahuzunika moyo". Ukweli ni upi? Na kama Mungu huhuzunika, sisi tunaishirikije huzuni yake?

Jibu: Amina, dada yangu. Mzee wenu ameshika kweli moja akaiacha ya pili, ilhali Maandiko huziweka zote mbili hata ndani ya sura moja. Katika 1 Samweli 15, mstari wa 11, Bwana anasema anajuta kwa kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 unasema kwamba yeye si mwanadamu hata ajute. Maana yake ni kwamba Mungu hashtukizwi na jambo, wala huzuni haimwelemei kama inavyotuelemea sisi hadi tukakosa la kufanya. Haina maana kwamba hajali.

Aya uliyoitaja ina uzito kuliko inavyoonekana katika tafsiri. Neno la Kiebrania linaloeleza huzuni ya Mungu hapo lina shina moja na maneno ya sura ya 3 yanayotaja utungu wa Hawa katika kuzaa na uchungu wa Adamu katika kuilima ardhi. Maumivu yaliyoingia kwa dhambi ya mwanadamu yanatajwa tena, na safari hii yamo moyoni mwa Muumba. Mimi siwezi kuisoma aya hiyo haraka.

Kisha yuko Kristo. Alilia penye kaburi la Lazaro, na alipouona Yerusalemu aliulilia. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa karne za kwanza za Ukristo, walifundisha kwamba Uungu kwa asili yake haupatwi na mateso, lakini Baraza la Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, lilikiri pia kwamba Kristo, mwenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, ni nafsi moja. Kwa hiyo aliyetoa machozi yale ni Mwana wa Mungu mwenyewe, naye alilia huku akijua kwamba punde atamwita Lazaro atoke. Kama tumaini la ufufuo lingekuwa linakataza kilio, yeye asingelia.

Kuhusu kuishirikisha mioyo yetu katika huzuni hiyo, Waefeso 4:30 inatuagiza tusimhuzunishe Roho Mtakatifu, na watu wengi huinukuu aya hiyo bila jirani zake. Mstari wa 29 unakataza neno lililo ovu kutoka vinywani mwetu. Wa 31 unataja uchungu, ghadhabu, kelele na matukano. Kumbe linalomhuzunisha Roho hapo ni jinsi ndugu wa kanisa moja wanavyosemana. Anayetaka kuhuzunika pamoja na Mungu na aanze hapo, kwa kuusikitikia ulimi wake mwenyewe kabla ya kuzililia dhambi za taifa.

Katika Gethsemane Bwana aliwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Hakuwataka wamweleze sababu ya mateso, wala wamtulize. Aliomba wawe macho karibu naye, nao wakalala. Rafiki za Ayubu nao waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa, kwa maana makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Basi rudi kwa jirani yako, hasa matanga yakishaanuliwa na wageni wakaondoka, maana hapo ndipo nyumba huwa kimya. Kaa naye. Akilia, lia naye, kama Warumi 12:15 inavyoagiza, na usimtafutie maelezo. Mzee wa kanisa umwendee faraghani kwa heshima, mzisome pamoja Yohana 11 na 1 Samweli 15.