Kilele Kilichonidanganya Kwenye Kipimo cha Dawa ya Kifafa

Ukitaka kuhakiki mbinu ya kupima dawa kwenye damu kwa kromatografia ya gesi (GC), yaani mashine inayogeuza sampuli kuwa mvuke na kutenganisha vilivyomo, usianze na mashine. Anza na damu: ni ya nani, anakula nini, anatumia dawa gani nyingine. Mimi nilianza na mashine, nikakiona cha moto.

Dawa ilikuwa asidi valproiki, ya kifafa. Sisi watu wa GC tunaipenda: ni molekuli ndogo na hugeuka mvuke bila shida. Unaitia plazima (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) asidi, dawa inahamia kwenye kiyeyushi, unakidunga kwenye mashine. Madaktari wengi hulenga miligramu 50 hadi 100 kwa lita.

Kilinganishi cha ndani, yaani kile unachokitia kwa kiasi kilekile katika kila sampuli ili dawa ipimwe dhidi yake, kilikuwa asidi oktanoiki. Ni ndugu wa damu wa valproiki, fomula yao ni moja, C8H16O2. Bei rahisi, na wengi wameitumia.

Mwongozo wa ICH M10 wa 2022, wa kimataifa kuhusu uhakiki wa mbinu za kupima dawa mwilini, unataka makosa yasizidi asilimia 15, au 20 kwenye kiwango cha chini kabisa, na plazima tupu, yaani isiyo na dawa, kutoka kwa watu wasiopungua 6. Tulichukua 6 za wachangiaji damu. Zote safi. (Mchangiaji damu ni mtu mwenye afya, hilo sikulifikiria.)

Miezi baadaye ikaja sampuli ya mtoto. Jibu: miligramu 31 kwa lita. Daktari akapiga simu, dozi ni kubwa na mama hakosi kumpa. Tukarudia, 30. Nikafurahi kwamba majibu yanakubaliana, kumbe yamekubaliana kwenye uongo.

Ndipo nikatazama kilele cha kilinganishi, yaani mwinuko wake kwenye mchoro wa mashine, ambacho kwa kawaida nilikipita tu. Kilikuwa mara moja na nusu ya vya sampuli za jirani. Nikaandaa plazima ileile bila kuitia kilinganishi. Kilele kikachomoza palepale, dakika ileile.

Mtoto alikuwa kwenye mlo wa mafuta ya MCT (mafuta ya minyororo ya urefu wa kati), ambao hupewa baadhi ya wenye kifafa kisichosikia dawa. Mafuta hayo yamejaa asidi oktanoiki. Kigunduzi chetu cha moto huunguza kaboni na kuihesabu, hakiulizi imetoka wapi. Kilinganishi kikivimba, dawa inaonekana imepungua.

Kwa hiyo, pamoja na za wachangiaji, tafuta plazima za wagonjwa wa kifafa wasiotumia valproiki: wa karbamazepini, wa fenitoini, wa milo maalumu. Kila moja iandae mara moja bila kilinganishi. Na kila siku ya kazi chora maeneo ya vilele vya kilinganishi kwa mfululizo. Kinachoruka kichunguze kabla hujatoa jibu.

Mabaki ya sampuli iliyotangulia nayo yaangalie: dunga plazima tupu mara baada ya kiwango cha juu kabisa. Asidi hizi hupenda kung'ang'ania kioo kichafu cha mdomo wa mashine.

Tulihamia asidi ya saikloheksani kaboksiliki, na uhakiki ukaanza upya kutoka sifuri. Bosi alinuna wiki nzima. Sampuli ya yule mtoto, iliyobaki kwenye friza, ilitoka 47.