Mkono Uwe Umeshafika Huko Kabla: Maswali Yenu Kuhusu Mafunzo ya Kupasua Majeruhi

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kuhusu kozi za vitendo zinazowafundisha madaktari kumpasua majeruhi anayevuja damu. Nimechagua tano.

Daktari, mimi niko mafunzoni na cheti cha ATLS, kozi ya madaktari ya kumhudumia majeruhi mara anapofika, ninacho tayari. Kozi nyingine ya nini?

ATLS ilitokana na ajali ya ndege ndogo iliyotokea Nebraska, Marekani, mwaka 1976. Rubani alikuwa daktari wa mifupa, James Styner. Mkewe alifariki, watoto wao wakaumia, na huduma waliyopata hospitalini ilimsikitisha kiasi kwamba aliamua lazima madaktari wafundishwe upya. Kozi hiyo inakupa dakika za mwanzo: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Inakufikisha mlangoni mwa chumba cha upasuaji, basi. Kozi kama DSTC, ya upasuaji wa majeruhi, inaanzia pale unaposhika kisu.

Tena kazini pekee hutajifunza vya kutosha. Majeruhi wengi wa ini na bandama sasa wanapona bila kupasuliwa, kwa kuwa CT skani inatusaidia kujua nani anaweza kusubiriwa. Ninaifurahia hali hiyo. Lakini ina maana unaweza kumaliza masomo ukiwa umeshika ini linalovuja damu mara chache mno, na wanaofikishwa mezani ndio mahututi kuliko wote.

Nimepasua matumbo kwa miaka kumi na tano. Siku mbili tatu za kozi zitaniongezea nini?

Mwenzangu, katika upasuaji uliopangwa unajua unakwenda kukuta nini. Tumbo la majeruhi linapofunguliwa damu inafurika na huoni kitu. Ukianza kuutafuta mshipa uliochanika, umempoteza. Unajaza vitambaa pembe zote nne za tumbo, unakandamiza, unampa mwenzako wa dawa ya usingizi nafasi ya kuongeza damu. Ndipo unatoa kitambaa kimoja kimoja, ukianzia upande unaodhani hauvuji. Ini likiendelea kutoa damu, unalibana fungu la mishipa inayoliingia, mbinu aliyoieleza daktari wa upasuaji Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Damu ikiendelea hata hivyo, shaka inahamia kwenye mishipa mikubwa iliyo nyuma ya ini, na mara nyingi kukandamiza vizuri huko ni salama kuliko kwenda kuifukua.

Haya yote yamo vitabuni, na sina shaka umeyasoma. Lakini kufikisha vidole nyuma ya ini, au kugeuza viungo vya kushoto hadi aota, mshipa mkuu wa damu, ionekane, ni jambo ambalo mkono unapaswa kuwa umelifanya kabla ya usiku wa kuhitajika.

Linalowashinda wazoefu zaidi, hata hivyo, ni kuacha. Tumelelewa kuamini kwamba upasuaji mzuri ni uliokamilika. Majeruhi aliyepoteza damu nyingi anapoa, damu yake inakuwa na asidi, kisha inakataa kuganda, na kila moja ya hayo matatu inachochea jingine. Mwaka 1983 Harlan Stone na wenzake walieleza faida ya kukatiza upasuaji mara damu inapoacha kuganda. Mwaka 1993 Rotondo na Schwab wakaupa utaratibu huo jina la udhibiti wa madhara, lugha ya wanamaji wa meli iliyotobolewa vitani. Zuia damu, funga matundu ya utumbo, liache tumbo kwa kifuniko cha muda, mpeleke chumba cha uangalizi maalumu apate joto na damu. Utarudi baada ya saa 24 hadi 48 kuunganisha utumbo. Mkufunzi mzuri atakukatiza katikati ya mshono akuulize: joto lake sasa ni ngapi? Ukikosa jibu, umeelewa kwa nini uliitwa kozini.

Je, ni halali kujifunzia miili ya marehemu na wanyama?

Mwili unaotolewa kwa hiari ni zawadi, na kozi inayostahili heshima huanza kwa kuwakumbuka waliotoa. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, huukakamaza mwili. Njia ya kuhifadhi ya Walter Thiel wa Graz, Austria, iliyochapishwa mwaka 1992, huuacha laini karibu kama wa mtu aliye hai. Kasoro ni kwamba marehemu havuji damu, ingawa kuna vituo vinavyosukuma kimiminika chekundu kwenye mishipa. Nguruwe aliyelazwa kwa dawa ya usingizi huvuja kweli, lakini maumbile yake si yetu. Binafsi, panapopatikana mwili wenye kusukumiwa kimiminika, sioni sababu ya kumtumia mnyama.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nasi tunahitajika?

Sana, sista. Hesabu ya vitambaa vilivyobaki tumboni unayo wewe. Tafuteni kozi inayowapokea mpasuaji, muuguzi na mtoa dawa ya usingizi pamoja.

Nipo hospitali ya mbali, peke yangu, na kozi siifikii. Nifanyeje?

Anza na mguu. Sehemu ya chini ya goti ina vyumba vinne vya misuli, na msuli ukivimba baada ya kuumia hadi ukabanwa na kukosa damu, lazima vyote vinne vifunguliwe. Kosa linalojirudia ni kuchana ngozi ya nje nyuma mno: daktari anauona ukuta ulio kati ya chumba cha pembeni na cha nyuma, anadhani ndio ulio kati ya cha mbele na cha pembeni, na chumba cha mbele kinabaki kimefungwa. Kingine kinachosahaulika ni kile cha ndani cha nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuchana, chora kwa kalamu mfupa wa mbele, mfupa wa pembeni na mistari yako miwili. Kushona mishipa unaweza kufanyia mazoezi kwenye aota ya ng'ombe, uzi mwembamba, mara moja kila wiki. Na leo kabla hujatoka kazini, fungua trei ya dharura ya kifua uone kama kitanua mbavu kinazunguka au kimeshika kutu.