Jirani yako akikamatwa kwenye msako, usinyamaze

Wiki jana kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Dada, nataka watu wa kanisa letu wajue yanayowapata wakimbizi wakizuiliwa, lakini nikifungua mdomo tu naambiwa hao ni magaidi. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, anzia kwa mtu unayemjua. Mimi nilianzia kwa fundi cherehani tuliyepakana naye mlango kwa mlango Eastleigh, Nairobi.

Aprili 2014, baada ya milipuko mtaani kwetu, serikali ilianza msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali. Uwanja wa Kasarani ukawa mahali pa kuwachuja watu, na mamia wakarudishwa Mogadishu kwa ndege. Jirani yangu alichukuliwa usiku, kitambulisho chake cha mkimbizi kikiwa mkononi. Mtoto wake wa kunyonya akabaki kwangu.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kituoni na chupa ya chai. Askari wa zamu alifungua chupa, akamimina kwenye kifuniko, akaniamuru ninywe kwanza. Nikanywa. Nikaomba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Akapekua kitabu, akasema jina hilo halimo. Na mimi nilikuwa namsikia jirani yangu akikohoa upande wa pili wa ukuta! Alipoachiliwa, maziwa yalikuwa yamemkauka. Hadi leo jambo hilo linanichoma.

Nilianza kulisimulia kwenye chama chetu cha akina mama, kisha kanisani, kisha kwenye baraza la chifu. Mwezi uliopita mzee mmoja, ambaye miaka yote alikuwa akisema "warudi kwao", alisimama barazani akamuuliza chifu: mtu anafungiwaje bila kufikishwa kortini? Nilijivunia, sifichi.

Kwa hiyo simulia, halafu weka sheria mezani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia wikendi. Kinamhusu kila aliyekamatwa, si Mkenya peke yake. Waambie pia kwamba Julai 2013 Mahakama Kuu ilifuta agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na bado Machi 2014 agizo lingine likatoka. Watu wakisikia hivyo wanaelewa kwamba kukaa kimya kuna gharama.

Ninyi mnaosali kila Jumapili na kila Ijumaa, mgeni aliyekimbia vita akilala sakafuni mwa seli bila kosa, mnasubiri nani aulize? Nendeni kituoni. Ulizeni nambari ya OB. Andikeni jina na saa aliyokamatwa, mkampe wakili. Simulieni tena, hata kwa waliokwisha kuwachoka.

Na wewe wa Nakuru, kabla hujasimama kanisani, mwombe ruhusa yule unayesimulia habari zake. Picha yake usiisambaze hata akikubali, maana msako ukirudi, wa kwanza kutafutwa atakuwa yeye.