Panya aliyeshikwa utotoni: majibu kwa maswali yenu

Tangu tulipogusia kwamba panya wa maabara hukabili msongo kwa namna tofauti kutegemea walivyotunzwa siku zao za kwanza, maswali yamekuwa mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Ni kweli kwamba panya anayeshikwa na watu akiwa mchanga hukua bila woga mwingi? Ilijulikanaje?

Ni kweli, na ilijulikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Katikati ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Seymour Levine na wenzake huko Marekani walitaka kuona kama machungu ya utotoni humharibu mnyama akishakua. Kundi moja la watoto wa panya lilipigwa shoti ndogo za umeme. Kundi la pili lilitolewa kizimbani na kuwekwa kwenye kifaa kilekile, ila umeme haukuwashwa. La tatu halikuguswa kabisa. Ungedhani waliopigwa umeme ndio wangetoka waoga. Haikuwa hivyo. Makundi mawili ya kwanza yote yalifanya vizuri kwenye majaribio ya ukubwani, na waliotetereka ni wale walioachwa bila kuguswa.

Watafiti wanaposema panya “alishikwa”, wana maana mahususi. Mtoto hutolewa kwenye kiota, akawekwa kwenye chombo kidogo kwa dakika 3 hadi 15, kisha akarudishwa kwa mama yake. Hufanyiwa hivyo mara moja kwa siku, kwa kawaida tangu siku ya kwanza hadi anapoachishwa ziwa akiwa na siku 21 hivi. Hakuna kumpapasa wala kumbembeleza. Miezi baadaye, akiwekwa kwenye uwanja mtupu asioujua, huzunguka na kunusanusa, ilhali mwenzake asiyeguswa huganda pembeni na kutoa kinyesi mara nyingi zaidi. Punje hizo za kinyesi huhesabiwa kwelikweli. Ni kipimo cha woga cha siku nyingi.

Mwilini mwake hasa kinabadilika nini?

Panya akitishwa, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo humwaga homoni ya kotikosteroni kwenye damu. Kwa binadamu kazi hiyo hufanywa zaidi na kotisoli. Panya aliyeshikwa utotoni naye hushtuka, msidhani ni mnyama asiyehisi. Tofauti ni kwamba homoni yake haipandi sana na hushuka mapema. Breki ya mfumo huu iko kwa sehemu kubwa katika hipokampasi, ambako kuna vipokezi vinavyoinasa homoni na kutoa ishara kwamba sasa imetosha. Walioshikwa utotoni huwa na vipokezi hivyo kwa wingi zaidi.

Faida yenyewe hufika mbali. Mwaka 1988, mtafiti wa ubongo Michael Meaney na wenzake walionyesha kwamba panya wa miezi 24, ambao kwa panya ni uzee kamili, walikuwa wamepoteza seli chache zaidi za hipokampasi na walikumbuka njia vizuri zaidi ikiwa walishikwa wakiwa wachanga. Dakika chache kwa siku, kwa wiki tatu tu, na athari yake ipo miaka miwili baadaye. Kila nikiirudia taarifa hiyo naona uzito wake.

Kama dakika 15 zinasaidia, saa 3 si zitasaidia zaidi?

Hapana. Watoto wa panya wanaotengwa na mama yao kwa saa 3 kila siku katika wiki mbili za kwanza mara nyingi hukua wakiwa na msongo mkali zaidi, ingawa matokeo hayo hayajalingana katika maabara zote. Robo saa haiko mbali na maisha ya kawaida ya panya, kwa kuwa mama mwenyewe hutoka kiotani kwenda kula na kurudi. Saa 3 ni jambo lingine kabisa kwa kiumbe kisicho na manyoya, kilichofumba macho, kisichoweza hata kujipasha joto.

Je, ni mkono wa mtu unaofanya kazi hiyo, au kuna kingine?

Nashukuru kwa swali hili, kwa sababu ndicho kiini cha jambo zima. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mama. Mtoto akirudishwa kiotani, mama humlamba na kumsafisha kwa bidii kuliko kawaida. Mkono wa mtu humchochea mama tu.

Kundi la Meaney katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, lilifuata uzi huo kwa kuwaachia mama wenyewe, bila kuwashika watoto. Kuna panya mama wanaolamba sana na kuna wanaolamba kidogo, na tofauti hiyo ni ya kawaida tu. Mwaka 1997 walitangaza kwamba watoto wa mama wanaolamba sana hukua wakiwa na msongo mdogo na vipokezi vingi vya hipokampasi, sawasawa na wale walioshikwa.

Basi huenda ni kurithi tu? Walibadilishana watoto: aliyezaliwa na mama wa kulamba kidogo akalelewa na mama wa kulamba sana. Akakua kama watoto wa mlezi wake. Tena, majike waliolelewa hivyo nao walipozaa waliwalamba sana watoto wao. Na hata watoto wa mama wasiolamba sana, wakishikwa na watu wakiwa wachanga, huwafanya mama zao wazidishe kulamba, kisha mabinti hao huwa mama wa kulamba sana. Hayo yalitangazwa mwaka 1999. Tabia ilivuka kizazi bila jeni kubadilika.

Mwaka 2004 walieleza njia mojawapo. Katika hipokampasi, jeni inayotengeneza vipokezi vile hubeba alama za kikemia zinazoitwa methili, ambazo huibana isifanye kazi sana. Watoto waliolambwa sana wana alama chache mahali hapo, na tofauti hiyo hujitokeza katika wiki ya kwanza ya maisha. Si njia pekee, na ubongo una mengi mengine yanayobadilika, lakini ilionyesha kwamba malezi huacha alama kwenye DNA inayoweza kupimwa.

Kwa hiyo mama asiyembeba mtoto wake sana anamharibu?

Hapana, na naomba sana utafiti huu usitumiwe kuwahukumu akina mama. Ubongo wa panya anapozaliwa uko nyuma kuliko wa binadamu anapozaliwa, na malezi ya binadamu hayapimwi kwa kuhesabu kulamba.

Nahudumu kwenye chumba cha wanyama cha maabara. Haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Kusafisha kizimba ni kumshika mnyama. Kuhesabu watoto siku ya pili ni kuwashika. Ikiwa kundi moja lilihesabiwa na jingine likaachwa, tayari ni makundi mawili yenye malezi tofauti, hata kama mtafiti hakukusudia. Andika kila kitu: nani aligusa, siku ya ngapi, kwa dakika ngapi. Na usikubali kuambiwa kwamba kundi lisiloguswa ndilo la asili. Watoto wasiosumbuliwa hata kidogo kwa wiki tatu ni hali ambayo maumbile hayaijui, na katika majaribio ya Levine hao ndio walioonekana tofauti.

Namna ya kushika nayo ina uzito. Mwaka 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Uingereza walionyesha kwamba panya wa jamii ndogo wa maabara (kwa Kiingereza “mice”) wanaoinuliwa kwa mkia huwa na hofu kuliko wanaoingia wenyewe kwenye bomba au kubebwa viganjani. Kuinua kwa mkia ni mazoea ya muda mrefu, na natamani yaachwe kila mahali leo hii. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulionyesha kwamba hata harufu ya mtu wa kiume aliye karibu huwatia panya msongo kiasi cha kufifisha dalili zao za maumivu. Zamu ikibadilika katikati ya jaribio, iandikwe.

Panya aliyepata malezi mabaya hawezi kusaidiwa tena?

Anaweza, kwa kiasi. Mwaka 2002, panya waliotengwa na mama zao kwa saa 3 waliwekwa, baada ya kuachishwa ziwa, kwenye vizimba vikubwa vyenye wenzao wengi na vitu vya kuchezea. Homoni zao za msongo na woga wao vilishuka karibu na vya wenzao wa kawaida. Ila ndani ya ubongo, jeni ya kemikali inayoanzisha mwitikio wa msongo iliendelea kufanya kazi kupita kiasi. Walikuwa wamepata njia nyingine ya kutulia, na kidonda cha kwanza kilikuwa bado kipo.