Jibu: Watu wanne, hakuna anayewapungia mkono, wanaanzaje?

Mkuu, umeuliza kundi dogo la nyuzi, yaani watu wanne wanaopiga ala za nyuzi, linaongozwa na nani, na kama kuna mtu wa huku kwetu anayelitungia muziki.

La kwanza jepesi: hakuna mwongozaji. Vayolini mbili, viola moja (kubwa kidogo kuliko vayolini), selo moja (kubwa zaidi, ya sauti nzito). Mmoja anavuta pumzi, anainua upinde, wote wanaingia. Kama sisi kwenye kwaya mwalimu akichelewa, ila wao hawagombani (nadhani).

La pili, mtafute Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa 1951. Kazi yake "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", yaani Kwenye Njia ya Msalaba, sehemu ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la namna hiyo la Marekani, kwenye albamu ya 1992, Pieces of Africa. Juzi umeme ulikatika hapa Mwanga, nikaisikiliza gizani. Unajua akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda? Basi ndiyo hiyo. Waganda wana amadinda, marimba ya magogo. Wapigaji hukaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, na masikio yako yanaokota wimbo ambao hakuna anayeupiga peke yake. Tamusuza kauhamishia ufundi wa namna hiyo kwenye nyuzi.

Mara ya kwanza utaona kelele tu. Rudia, ukifuata selo peke yake. Na usitumie spika ya simu, selo inamezwa yote. Mimi niliazima redio ya jirani yenye bluetooth, ile ya kupigia singeli.