Kuzungusha wageni kwenye makasri ya Uholanzi bila gari

Mleta uzi yuko Rotterdam. Wazazi na mdogo wake wanafika kutoka Dar mwishoni mwa Mei, gari hana, na anataka kuwaonyesha makasri matano au sita kwa siku tatu. Wadau wengi wamemtajia De Haar wakaishia hapo. Jibu langu ni refu, vumilieni.

Mkuu, anza kwa kupunguza hesabu. Kasri moja la kuingia ndani kwa siku linatosha. Mengi hufunguliwa saa nne au saa tano asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, tena yako vijijini ambako basi hupita mara moja kwa saa, na Jumapili mengine hayapiti kabisa. Basi moja likikuacha, kasri la pili nalo limekuacha. Mpango unaofanya kazi ni tiketi ya kasri moja asubuhi, halafu mchana mzima kwenye misitu na mashamba ya jirani, ambako kwa kawaida hulipi hata senti.

Hiyo bure haitokani na ukarimu. Tangu 1928 kuna sheria inaitwa Natuurschoonwet. Mwenye landgoed, yaani ardhi kubwa yenye nyumba ya kale, misitu na mashamba, hupewa nafuu ya kodi, hasa ya urithi, ili warithi wasilazimike kuikatakata na kuiuza. Akiruhusu watu kutembea humo, nafuu inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo soma kibao cha getini kabla ya kuingia. Kikisema "Vrij wandelen op wegen en paden", karibu, lakini ni kwenye barabara na vijia tu, usikatishe majani. Kikisema "Verboden toegang, art. 461 Wetboek van Strafrecht", geuza, hicho ni kifungu cha sheria ya jinai na faini ipo. "Tussen zonsopgang en zonsondergang" ni kuanzia macheo hadi machweo, na mwishoni mwa Mei jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo muda unao. "Honden aan de lijn" maana yake mbwa wafungwe kamba. Hilo la mwisho wenyeji hawalizingatii sana, kama mama anaogopa mbwa mwambie mapema.

Ungekuwa na siku moja tu, ningekwambia Loevestein, si De Haar. Ni ngome ya matofali ya karne ya 14, imesimama pale mto Waal unapokutana na Maas, maji kila upande. Kutoka Rotterdam unapanda treni ya NS, shirika kuu la reli la huku, hadi Dordrecht, unabadili kwenda Gorinchem, unakatiza mji mkongwe kwa miguu hadi gatini, halafu kivuko cha abiria. Hapo Dordrecht ndipo watu wanapoliwa hela. Treni ya Gorinchem ni ya kampuni nyingine, kwa hiyo lazima uguse kadi kwenye nguzo ya NS kutoka, kisha uguse nguzo ya hiyo kampuni ya pili kuingia. Ukivuka jukwaa na kupanda tu kama wengi wafanyavyo, NS inahesabu kwamba safari yako haijaisha na kukukata nauli ya juu, na kule kwenye treni ya pili mkaguzi anakukuta huna safari iliyofunguliwa. Umelipa mara mbili na bado una kosa.

Wageni hawahitaji kununua kadi ya usafiri. Kadi ya benki ya kugusa inakubalika kwenye treni na mabasi yote nchini, ila kila mtu awe na yake, kadi moja hailipii wawili. Na aliyeingia kwa kadi atoke kwa kadi hiyo hiyo. Akiingia kwa plastiki akatoka kwa simu, hata kama akaunti ni moja, mashine inaona wasafiri wawili ambao hakuna aliyemaliza safari.

Kivuko cha Loevestein ni cha msimu, Mei kipo, lakini cha mwisho kurudi huondoka mapema kuliko unavyodhani. Muulize nahodha saa yake unaposhuka, kabla hujaanza kupiga picha. Ukikikosa, barabara ya kutokea huko ni ndefu na basi la karibu si la karibu.

Ndani kuna historia ambayo hata mdogo wako ataisikiliza. Mwanasheria Hugo de Groot alifungwa humo mwaka 1619, kifungo cha maisha. Alikuwa akiletewa vitabu kwa sanduku kubwa, walinzi walikagua kila safari, mwishowe wakachoka kukagua. Mkewe, Maria van Reigersberch, aliliona hilo. Tarehe 22 Machi 1621 mume akajikunja ndani ya sanduku, askari wenyewe wakalibeba hadi mtoni, na kijakazi Elsje van Houwening akalisindikiza hadi Gorinchem. Safari yako ya kivuko ni ileile kwa kinyume. Ukikutana na sanduku lingine kwenye makumbusho ya Rijksmuseum huko Amsterdam, na lingine kwenye makumbusho ya Prinsenhof mjini Delft, usishangae. Kila mmoja anadai lake ndilo lenyewe.

Ukiwa pale angalia tofali kabla ya kuangalia mnara. Nchi hii, ukiacha Limburg, karibu haina jiwe, ina udongo wa mito, kwa hiyo makasri yalijengwa kwa matofali ya kuchoma. Ya zamani zaidi ni makubwa, marefu kama urefu wa mguu wa mtu mzima, na kadiri karne zilivyosonga yalipungua. Ukuta ukiwa na matofali makubwa chini na madogo juu, sehemu ya juu imejengwa au kukarabatiwa baadaye. Kwa kanuni hiyo moja unaweza kumsomea mzee ukuta mzima bila kumlipa mwongozaji.

Siku ya pili nenda Doorn, na hii ninaisema hasa kwa Watanzania, Warundi na Wanyarwanda. Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyetawala Ujerumani kuanzia 1888 na ambaye Vita vya Majimaji vilipiganwa chini ya bendera yake, alikimbilia Uholanzi Novemba 1918. Alipokewa kasri la Amerongen na kutia saini hati ya kuachia kiti cha enzi humo tarehe 28 Novemba 1918, siku tatu tu baada ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, kusalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Mwaka 1920 akahamia Huis Doorn, akaishi humo hadi kufa 1941. Vitu vyake vililetwa kutoka Ujerumani kwa mabehewa 59. Nyumba ni ndogo kuliko unavyotarajia kwa mtu wa cheo kile, imejazwa hadi pumzi inakwama: michoro, fedha, visanduku vya ugoro vya Frederick Mkuu. Kwenye meza yake ya kuandikia hakuna kiti cha kawaida, alikalia tandiko la farasi lililowekwa juu ya miguu. Kaburi lake liko bustanini, katika jengo dogo. Vita vilivyotupitia sisi vimetajwa kidogo mno humo, kwa hiyo muwe na maelezo yenu.

Njia ni treni hadi Driebergen-Zeist kisha basi. Amerongen iko karibu kilomita 10 mbele, kwa hiyo mwenye baiskeli anayaunganisha yote mawili. Kwa wazee, chagua moja kwa ndani na jingine kwa bustani. Amerongen ya sasa si ya zama za kati: Wafaransa waliichoma 1673, na Margaretha Turnor akaijenga upya mume wake akiwa mbali kwenye ubalozi. Bustani yake inateremka kuelekea mtoni, na kahawa ipo.

De Haar sasa. Ni zuri, sikatai, ila msiwaambie wageni ni la zama za kati. Lilikuwa gofu hadi 1892, ndipo Baron Etienne van Zuylen, aliyemwoa Hélène de Rothschild, akampa kazi msanifu Pierre Cuypers, yuleyule aliyechora Rijksmuseum na stesheni kuu ya Amsterdam. Kazi iliisha 1912. Ukitazama vizuri jikoni na bafuni utaona ni jumba la kifahari la enzi ya umeme lililovishwa joho la kale. Kijiji cha Haarzuilens kilihamishwa ili bustani ipate nafasi, na miti iliyokwisha kukua ililetwa kutoka mbali kwa sababu tajiri hakutaka kusubiri kivuli. Nyumba za kijiji kipya zina mbao za madirisha nyekundu na nyeupe, rangi za familia. Alama hiyo iko nchi nzima: kwenye kasri la Twickel, karibu na Delden, mbao ni nyeusi na nyeupe, ukiziona kwenye nyumba za wakulima ujue bado uko kwenye ardhi ya kasri. Stesheni ya De Haar ni Vleuten, kutoka hapo ni basi au zaidi ya nusu saa kwa miguu. Nunua tiketi ya saa maalumu mtandaoni, na angalia kalenda yao kwanza, kwa sababu siku ya tamasha au harusi utalipa kuona migongo ya watu.

Muiderslot ni rahisi kwa atakayekuwa Amsterdam. Floris wa Tano, mtawala wa Holland, alilijenga karne ya 13 na mwaka 1296 wakuu wenzake wakamfungia humo humo kabla ya kumuua. Ngazi za minara ni nyembamba na za kuzunguka, mwenye goti bovu abaki bustanini. Kwa mwenye goti bovu hasa, Het Loo huko Apeldoorn ina lifti na ilifunguliwa upya 2023 baada ya ukarabati mkubwa, ingawa hiyo ni ikulu, si ngome.

Wanaotaka mengi kwa mpigo waende Vorden. Kuna mzunguko wa baiskeli wa kama kilomita 40 unaopita makasri manane, Hackfort likiwemo, na kinu chake cha maji. Tahadhari: mengi kati ya hayo manane yanakaliwa na watu, utayaona kutoka getini. Unabadili treni Zutphen, na hadithi ya kugusa kadi mara mbili inarudi. Kodi baiskeli kule kule. Ya kwako kwenye treni inahitaji tiketi yake, na siku za kazi hairuhusiwi kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na saa 10:00 hadi 12:30 jioni. Baiskeli nyingi za kukodi zina breki ya kukanyaga nyuma. Asiyezoea akirudisha pedali kidogo tu anasimama ghafla, kwa hiyo afanye mazoezi kwenye maegesho kwanza. Shusha kiti hadi nyayo zifike chini. Njia inafuata namba: kila njia panda ina kibao chenye mshale kuelekea namba inayofuata. Andika namba zako kwenye karatasi, ibandike kwenye usukani, simu iache mfukoni. Kwa wageni hesabu kilomita 10 kwa saa, kwa maana hiyo nusu ya mzunguko inawatosha.

Ndani ya kasri lolote: mabegi ya mgongoni yanaachwa mlangoni, viatu vya visigino vyembamba vinakataliwa kwa sababu vinatoboa sakafu ya mbao, picha ni bila mwanga wa kamera, na kigari cha mtoto hakipandi. Vyumba vina giza kwa makusudi, jua hupausha vitambaa. Mapazia msiyaguse. Ziara za kuongozwa mara nyingi ni kwa Kiholanzi, omba karatasi ya Kiingereza mwanzoni. Handaki la maji mara nyingi halina uzio, mtoto mdogo ashikwe mkono.

Hatari halisi ya mwezi wa tano iko kwenye majani. Kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Suruali ndefu, soksi juu yake, na jioni kila mtu akaguliwe nyuma ya magoti, kinena, kwapa na kichwani. Ukimkuta, mbane karibu kabisa na ngozi kwa kibanio na umvute taratibu. Usimpake mafuta wala moto, anatapika ndani ya damu. Andika tarehe. Ndani ya miezi mitatu likitokea duara jekundu linalopanuka, ni daktari, na kwa kuwa wazee watakuwa wamerudi Dar, wape karatasi yenye neno Lyme na tarehe hiyo, maana daktari wa kule hatalifikiria. La pili ni viwavi wa mwaloni, eikenprocessierups, Mei hadi Julai. Vinyweleo vyao hupeperuka na kuwasha vibaya. Mti uliofungwa utepe mwekundu na mweupe usiukalie chini. Ukishawashwa usikune; bandika na kubandua utepe wa gundi (selotepu) kwenye ngozi, oga, fua nguo.

Chakula: mikahawa ya makasri inapenda pannenkoek, yaani chapati za maji, na supu ya njegere. Spek ni nyama ya nguruwe, na supu hiyo huwa na soseji yake. Agiza pannenkoek ya tofaa au jibini, "zonder spek". Sehemu nyingi hazipokei noti, na vibanda vidogo vingine vinakataa kadi za Visa za nje, kwa hiyo lipa wewe kwa kadi ya hapa.

Wewe unayeishi huku chukua Museumkaart, kadi ya kuingilia makumbusho, inakubalika kwenye makasri mengi niliyotaja. Mgeni hupata ya muda, ya siku 31 na kuingia makumbusho mara tano tu, kwa hiyo pigeni hesabu kama inalipa kwa siku tatu. Na angalia Jumatatu ya Pentekoste inaangukia lini mwaka huu: siku hiyo ni Dag van het Kasteel, na baadhi ya malango yanayofungwa mwaka mzima huwa wazi. Jumatatu nyingine zote, mengi yamefungwa.