Gari la kupanda mawe kwa mjukuu

SWALI: Shangazi, mjukuu wangu wa miaka 5 anataka gari la rimoti la kupanda mawe. Nimnunulie lipi? – Bibi wa Langoni, Lamu

JIBU: Shikamoo bibi. Chukua dogo, la kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi. Mpangie mito na vitabu barazani, atalipandisha hapo hapo. La 1/10 ni zito kwake. Usitafute mbio: gari hili hutambaa polepole kwa nguvu, magurudumu yote 4 yakivuta. Mwanangu alianza na la mbio; siku ya pili likavunjikia ukutani, akalia mpaka magharibi. Mchanga wa ufuo wa Shela na maji ya chumvi lisiyaguse kabisa, yataila giya. Betri ya lithiamu uichaji wewe mwenyewe, tena mchana, ukiiona.